Kuziba tundu la usalama kimyakimya: vifaa tulivyotumia na tulikoishia

Mimi na wenzangu wawili tunatunza maktaba ndogo ya programu huria inayofungua mafaili ya zip kwenye seva. Mtafiti mmoja alitujulisha kwamba jina la faili ndani ya zip likianza na ../ (alama ya kurudi folda ya juu) maktaba yetu inaliandika nje ya folda iliyopangiwa, hata juu ya mafaili ya mfumo. Kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya msimbo, kilikuwa mistari michache. Kazi ilikuwa kujadiliana, kuandika na kupima bila mtu wa nje kunusa chochote kabla ya toleo jipya.

Huku kwetu ushauri wa kwanza huwa uleule: fungua kundi la WhatsApp. Ujumbe wenyewe umefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu, sawa, ila nakala inayohifadhiwa kwenye wingu haifungwi hivyo mpaka mwenye simu awashe kwa mkono wake, na huwezi kujua nani kawasha. Tukaachana nalo. Signal tunaitumia kuitana tu, “uko macho? tazama ripoti”, na ujumbe unajifuta. Maamuzi hatuyaweki huko, kwa sababu mwakani mtu atauliza kwa nini tulikataa njia fulani na tutahitaji kumwonyesha.

Barua pepe yenye PGP (njia ya kusimba barua kwa ufunguo) tumeibakiza kwa watafiti wasiotaka kufungua akaunti popote. Siipendi. Kwa kawaida inafunga mwili wa barua na kuacha kichwa wazi, kwa hiyo mtu akiandika “Tundu katika kufungua zip” kwenye kichwa, siri imeshatembea. Tena Mei 2018 watafiti walitangaza Efail, mbinu iliyozifanya programu kadhaa za barua pepe zivujishe maandishi yaliyokwisha kufunguliwa. Ufunguo hauna kosa. Vitu vinavyouzunguka ndivyo vinavyovuja.

Tulikoishia ni ripoti za siri za GitHub, tovuti tunakoweka msimbo wa mradi. Huduma hiyo ilifunguliwa kwa wote Aprili 2023, na kwa miradi ya wazi haina malipo, ila lazima uiwashe kwenye mipangilio ya mradi. Usipoiwasha mtafiti haoni pa kubonyeza. Anajaza matoleo yaliyoathirika na ukali wa tundu, kisha sisi tunafungua nakala ya faragha ya muda ya msimbo na kuandika kiraka humo, naye tukimwalika. Namba ya CVE (kitambulisho cha kimataifa cha tundu) unaiomba kwenye ukurasa huohuo, maana GitHub wana mamlaka ya kuzitoa tangu 2019. Kwa watu watatu wasio na ofisi, hili limetuondolea barua nyingi.

Kasoro zipo. Nyaraka zao zenyewe zinasema majaribio ya kiotomatiki hayaendeshwi kwenye nakala hiyo ya faragha, kwa hiyo kila mmoja anapima kwenye kompyuta yake. Mwenzetu wa Windows ndiye aliyegundua kwamba kiraka cha awali kinazuia ../ lakini ..\ (uandishi wa Windows wa alama ileile) inapenya kama kawaida.

Lingine: ukishaunganisha kiraka na msimbo mkuu, dunia nzima inakiona hata kama tangazo bado. Waliofuatilia Log4j, maktaba ya Java iliyokutwa na tundu kubwa, wanakumbuka. Mwishoni mwa Novemba 2021 marekebisho yalikuwa tayari yanaonekana hadharani, na Desemba 9 mfano wa shambulio ukaanza kusambaa. Sisi tunaandaa kila kitu kwanza, kisha tunaunganisha, tunatoa toleo na kuchapisha tangazo katika kikao kimoja. Maelezo ya badiliko tunayaandika kwa ufupi, bila neno “usalama”.

Kuhusu kuaminika, swali langu ni nani anaweza kuingia. Mwaka 2015 Mozilla, waundaji wa Firefox, walieleza jinsi mtu alivyosoma taarifa 185 za siri ndani ya Bugzilla yao (mfumo wa kurekodi kasoro za programu), kwa kupitia akaunti ya mhusika aliyetumia nywila ileile kwenye tovuti nyingine. Ghala la matundu yasiyozibwa ni mali kwa mwizi. Kwa hiyo kwetu asiye na ufunguo wa kuchomeka USB haoni ripoti, hata awe mwanzilishi.

Wapo wanaosema bora GitLab, mfumo unaofanana na GitHub, kwenye seva yako mwenyewe, ambako tiketi za siri zipo pia. Ni njia nzuri kama una mtu wa kuisasisha upesi. Januari 2024 ilizibwa CVE-2023-7028 ya GitLab, iliyomwezesha mgeni kuteka akaunti kwa kuomba kubadilishiwa nywila, na seva iliyochelewa ilibaki wazi pamoja na siri zake.

Tundu likigusa kampuni nyingi kwa mpigo, hapo GitHub haitoshi. CERT/CC, kituo cha Marekani cha kuratibu matundu ya usalama, wana mfumo wa VINCE, uliojengwa kwa kuzikutanisha. Sisi na zip zetu hatujafika huko. GitHub naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano nitaitoa siku majaribio ya kiotomatiki yatakapokubali kuendeshwa mle ndani.