Kukaa na simu au kutembea mpaka Shela?

Kutuliza akili nimejaribu njia zote mbili hapa Lamu na mi naona hazilingani. Ya kwanza ile ya programu ya simu, unakaa, unafunga macho, unafuata pumzi dakika 10. Ina msingi wake, Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianzisha kozi ya kutuliza akili namna hiyo huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, siku hizi huchukua wiki 8, na ukipata wa kukuongoza inasaidia kweli. Ila simu ndo hiyohiyo inayoleta meseji, pumzi ya tatu ushaingia WhatsApp.

Ya pili, simu iache nyumbani. Ukishaswali alfajiri toka mji wa Lamu fuata ukingo wa bahari mpaka kijiji cha Shela, kama kilomita 3 hivi, na maji yakikupwa vua viatu usikie ule mchanga baridi, mgumu, una mikunjo inayokufinya unyayo, mara punda huyo na mifuko ya simiti mgongoni unampisha, mara jahazi linatweka tanga, na akili ikikimbilia madeni unairudisha palepale kwenye unyayo. Macho wazi! Kwa kichwa kisichotulia kama changu hii ndo naichagua, ile ya kukaa naiwekea siku za masika na usiku usingizi ukigoma.