Baiskeli za Kukodi Hell's Gate: Uzoefu Wangu wa Wikendi Tatu Kutoka Nairobi

Mimi ni mwenyeji wa Morogoro na ninaishi Nairobi kwa masomo ya uzamili. Tangu nihamie hapa nimekwenda Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, mara tatu pamoja na marafiki, kila mara kwa matatu na kila mara kwa baiskeli za kukodi. Tathmini hii inahusu baiskeli hizo hasa, kwa sababu ndizo zinazomwezesha mwanafunzi asiye na gari kuingia hifadhini, na kwa sababu nimejifunza kwa jasho langu kwamba uzuri au ubaya wa siku nzima huamuliwa katika zile dakika kumi za mwanzo, pale unapochagua baiskeli kabla hujatoa hela mfukoni.

Nilikotoka, barabara kuu ya kwenda Iringa hukatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, kwa hiyo tangu utotoni nimewaona tembo na twiga mara nyingi, lakini siku zote nikiwa ndani ya basi, nimebanwa na abiria wenzangu, huku dereva akipunguza mwendo kidogo tu kabla ya kuendelea na safari. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeweza kuwa hifadhini bila kioo mbele ya uso wangu. Katika hifadhi nyingi za Afrika Mashariki mgeni hatakiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, na gari la utalii, hata gharama yake ikigawanywa kwa watu wanne, linamaliza posho ya mwezi. Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, ni miongoni mwa chache zinazomruhusu mgeni kutembea kwa miguu au kunyonga baiskeli peke yake, kwa kuwa wanyama wakubwa walao nyama ni nadra kuonekana humo. Rafiki yangu Rehema wa Tanga, ambaye tunasoma naye, ndiye aliyenieleza jambo hilo mara ya kwanza, nami sikumwamini mpaka tulipofika langoni.

Njia yenyewe ni rahisi. Tunapanda matatu ya Naivasha eneo la Nyamakima, katikati ya Nairobi, na baada ya kilomita 90 hivi tunashuka mjini Naivasha, ambako tunabadilisha gari na kupanda matatu inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa, ikipita Karagita na mashamba makubwa ya maua, hadi kwenye njia panda ya Lango la Elsa. Kutoka njia panda hadi langoni ni mwendo wa kilomita mbili hivi. Baiskeli hukodishwa njia panda na pia karibu na lango, na mimi napendekeza kwa nguvu zote njia panda, kwa sababu kilomita hizo mbili ni nafasi ya kuijaribu baiskeli ungali karibu na mwenyewe. Ukigundua kasoro baada ya mita 500, unageuza na kuibadilisha. Ukiigundua ukiwa umeshaingia hifadhini, imekuwa mzigo wako.

Mara ya kwanza hatukulijua hilo. Tulikuwa watatu, mimi, Rehema na Amani, mwenzetu kutoka Bukavu, na ilikuwa Februari, wakati jua la Naivasha linachoma na vumbi limekauka kama unga. Kijana mmoja alitupokea kwa bashasha, akatutolea baiskeli tatu zilizong'aa kwa kuoshwa, akataka shilingi 700 za Kenya kwa kila moja, nasi tukalipa palepale bila hata kuzipanda. Yangu ilikuwa na breki ya mbele peke yake. Waya wa breki ya nyuma ulikuwepo, ila ulikuwa umelegea kiasi kwamba ungeweza kuubana mpaka mkono ukachoka na gurudumu likaendelea kuzunguka. Mnyororo wa Rehema ulitoka mara nne kabla hatujaufikia mnara wa mwamba ulio katikati ya hifadhi, na kila ulipotoka tulisimama juani, tukaurudisha kwa vidole vilivyojaa grisi, kisha tukaendelea. Kiti cha Amani kilikuwa kikishuka taratibu kila alipokaa, mpaka akawa anaendesha huku magoti yakikaribia kidevu. Kisha tairi langu la nyuma likapata pancha, nasi hatukuwa na pampu wala kiraka. Niliisukuma baiskeli ile kwa kilomita zipatazo tano hadi langoni, saa saba mchana, na tuliporudi kijana yule hakukubali kurudisha hata shilingi moja. Badala yake alinidai shilingi 150 za kuziba tairi, akisema kwamba mwiba niliukanyaga mimi. Nililipa, lakini niliumia moyoni, kwa sababu tulikuwa tumeweka akiba kwa wiki kadhaa kwa ajili ya siku ile moja, na korongo la Ol Njorowa lililomo hifadhini, ambalo ndilo tulilolifuata, hatukuliona kabisa.

Safari ya pili isingekuwepo kama si Wafula, jirani yetu wa chumba cha pili huko Ngara, Nairobi, ambaye kwao ni Busia. Huko mpakani ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, wakati watu walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda, na baba yake Wafula aliwasomesha watoto wake kwa kazi hiyo. Tulipomsimulia yaliyotupata, hakutupa pole. Alituuliza swali moja tu: je, mliinua gurudumu la nyuma mkalizungusha? Hatukuwa tumefanya hivyo. Tangu siku hiyo hatukodi baiskeli ambayo Wafula hajaikagua, na kwa kuwa si kila msomaji ana Wafula wake, nitaeleza anavyofanya.

Huanza kwa kuinua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono, akiangalia kama linayumba, maana gurudumu linaloyumba lina spoki zilizolegea na litakusumbua kwenye njia ya mawe. Kisha hubana breki moja moja huku akiisukuma baiskeli mbele. Breki ya mbele ikishika, mkia wa baiskeli huinuka kidogo, na ya nyuma ikishika, gurudumu huburuta. Breki isiyofanya hivyo hana mjadala nayo. Hubonyeza tairi kwa kidole gumba pembeni, mahali penye mpira mwembamba, kisha huupitisha mkono juu yake akitafuta miiba iliyobaki, kwa kuwa mwiba wa mgunga ukiachwa ndani ya tairi utatoboa tyubu ya pili kama ulivyotoboa ya kwanza. Mnyororo huushika kwa vidole viwili na kuuinua. Ukilegea sana, anaiacha baiskeli hiyo bila kuuliza bei. Mwisho hukaa kitini, akaruka mara mbili tatu, ili aone kama kitashuka. Ukaguzi wote hauzidi dakika tatu kwa baiskeli moja, na mwenye baiskeli nzuri huwa hachukizwi nao hata kidogo.

Hivyo ndivyo tulivyompata mzee tunayekodi kwake hadi leo. Rehema alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na mzee yule akasimamisha kazi aliyokuwa akiifanya, akatabasamu, akasema, "Marahaba, binti yangu. Hiyo salamu sijaisikia siku nyingi. Nyinyi ni watu wa Pwani?" Rehema akamjibu kwamba sisi ni wa Tanzania. Mzee alizitoa baiskeli sita, akamwacha Wafula azikague zote, na mbili alizozikataa akaziweka kando akisema kwamba kweli zinamngoja fundi. Tulikubaliana shilingi 600 kwa kila moja mpaka saa kumi na mbili jioni. Juu ya hapo alitupa pampu, viraka, gundi na namba yake ya simu bila kutuongezea gharama, na jambo hilo ndilo ninalolithamini kuliko bei, kwa sababu linaonyesha kwamba anawajibika kwa kifaa chake hata kikiwa mbali na macho yake.

Wikendi hiyo ilikuwa Aprili na korongo lilikuwa limefungwa kwa mvua. Sikulalamika. Korongo la Ol Njorowa lilichimbwa na maji ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, na kuta zake zinabana sana mahali pengine, kwa hiyo mvua ikinyesha juu milimani, maji hushuka kwa ghafla hata kama mbingu iliyo juu yako ni nyeupe. Mwaka 2012 na tena mwaka 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu humo. Askari anapokuambia usishuke, usishuke.

Safari ya tatu, mwezi Agosti, ndiyo iliyonifanya niandike. Tuliingia langoni asubuhi na mapema, kukiwa na baridi ya kutosha kuvaa sweta. Barabara ya vumbi huteremka kidogo kidogo kutoka Lango la Elsa kati ya majabali mekundu yaliyosimama wima pande zote mbili, na kwa sababu breki zilikuwa zikishika nilithubutu kuiachia baiskeli ijiendee yenyewe. Mkono wa kushoto tuliupita Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyopewa jina la Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Pimbi walikuwa wamejianika juu ya mawe yake wakiota jua. Mbele kidogo kundi la pundamilia lilikuwa limetawanyika pande zote mbili za barabara, tukasimama, tukashuka, tukazilaza baiskeli majanini. Nilisikia wakikata nyasi kwa meno. Katika miaka yote ya kupita Mikumi sikuwahi kuusikia mlio huo, kwa sababu injini ya basi haizimwi, na nilisimama pale nikiwasikiliza mpaka Amani akaniita mara mbili.

Baadaye tuliona twiga watatu, swala, na ngiri wengi waliokimbia mikia ikiwa juu. Nyati walikuwa mbali chini ya jabali, na hapo nisisitize kwamba ruhusa ya kuendesha baiskeli haimaanishi kuwasogelea. Ukiwakuta nyati karibu na barabara, subiri gari lipite kwanza au geuza. Kwenye korongo tuliziacha baiskeli katika kituo cha askari, tukamlipa mwongozaji shilingi 1,200 kwa sisi wanne, tukashuka naye kati ya kuta zilizochongwa na maji, ambako mahali pengine maji ya moto huchuruzika kutoka kwenye mwamba. Joto hilohilo la ardhini ndilo linalozalisha umeme katika mitambo ya Olkaria tangu mwaka 1981, na mvuke wa mitambo hiyo unauona ukipanda nyuma ya vilima unapokuwa barabarani.

Kurudi ni kazi. Mteremko uliokufurahisha asubuhi unageuka kuwa mlima wa taratibu usiokwisha, upepo unakupiga usoni, na hapo giya za baiskeli huonyesha thamani yake. Za mzee wetu zilikuwa zikibadilika vizuri isipokuwa moja, ya Rehema, iliyokwama kwenye giya nzito, kwa hiyo tulipokezana. Kiti ni kigumu. Nakushauri ukunje kanga au sweta ulifunge juu yake. Kofia ya kujikinga kichwa hatukupewa, na hiyo ni kasoro ambayo nimeiona kwa wakodishaji wote niliowahi kuwaendea. Baiskeli za watoto ni chache mno, kwa hiyo siwezi kuwapendekezea wazazi huduma hii bila kuuliza kwanza kwa simu.

Kuhusu gharama, kila mmoja wetu alitumia shilingi 800 kwa matatu ya Nairobi na Naivasha, kwenda na kurudi, shilingi 300 kwa matatu ya ziwani, shilingi 600 kwa baiskeli na shilingi 300 kwa mwongozaji, jumla shilingi 2,000 kabla ya kiingilio. Kiingilio hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na si kwa pesa taslimu, hivyo lipa ukiwa bado Nairobi ambako intaneti haikatiki, na ukumbuke kwamba hata baiskeli hulipiwa. Chakula tulibeba wenyewe: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, na lita tatu za maji kwa kila mtu, kwa maana ndani hakuna pa kununua unapopahitaji. Usiku tulilala katika hema kando ya ziwa, nyuma ya uzio wa umeme unaowazuia viboko, na tuliwasikia wakikoroma hadi alfajiri. Jumapili ondoka Naivasha kabla ya saa tisa alasiri, kwani jioni nauli hupanda na magari hujaa.

Mzee ninampa nyota nne kati ya tano, na ile moja nitamwongezea siku atakaponunua kofia za kichwa. Nimeshampigia simu atuwekee baiskeli nne za Jumamosi ya kwanza baada ya mwisho wa mwezi, akaniuliza kama binti wa shikamoo atakuwepo, na akaniahidi kwamba ile giya ya Rehema itakuwa imeshapita mikononi mwa fundi.