Figo imebaki, ila huo mrija!

Nilikusudia kuandika sifa tupu za hospitali iliyonipasua figo. Uvimbe wa sentimita 3.5 umetolewa, figo ipo, na maabara imesema kingo za nyama iliyokatwa hazina saratani. Uvimbe usiozidi sentimita 4, kama unafikika, hauna haja ya kuondoka na figo nzima, na daktari alilisema hilo bila kuzungukazunguka. Ateri, mshipa unaoipelekea figo damu, ilibanwa dakika 19 wakati wa kukata. Zikipita 25 au 30 bila figo kupozwa kwa barafu, figo iliyobaki huanza kuumia. Hapo sina neno.

Hasira yangu ni ya mrija wa ubavuni, ule unaotoa majimaji ya kidonda na kuyamwaga kwenye chupa.

Siku ya kwanza chupa ilikuwa na mililita 80. Siku ya tatu, mpira wa mkojo umetolewa asubuhi tu, ikafika 400, na wekundu umepauka ukawa manjano. Nikauliza kama majimaji hayo yamepimwa kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa kwa mkojo. Nesi wa zamu, macho kwenye simu: "Mzee, hayo maji ya kidonda tu. Kesho tunautoa, unaenda nyumbani." Maji ya kidonda! Kipimo chenyewe ni sindano moja ya hayo majimaji. Yakisoma karibu sawa na damu, ni ya kidonda kweli. Yakizidi mara nyingi, ni mkojo. Nilibishana nusu siku. Yakasoma 1,900, damu 98.

Uvimbe ukizama ndani, kuukata hufungua vijia vya mkojo. Vinashonwa, lakini uzi ukilegea kidogo panavuja, na kibofu kikijaa, mkojo hukosa njia ya kushuka, ukapita hapo hapo penye tundu. Kwa hiyo mpira hurudishwa, kibofu kikae kitupu, na chupa huondolewa mvuto, kwani kufyonza kunalizuia tundu lisizibe. Pakikataa, huwekwa kijimrija cha ndani toka figo hadi kibofu. Mrija ule ungetolewa kesho yake, mkojo ungetuama kando ya figo na kuwa jipu.

Kuvuja hutokea hata kwa mikono mizuri, hilo nakubali, na kwangu kulikauka kwenyewe. Nyota tano kwa chumba cha upasuaji. Wodi sifuri. Haya, moja, ya yule daktari wa usiku aliyekuja na sindano mwenyewe. Ingawa karatasi ya kuruhusiwa nayo haikutaja kwamba mkojo ukigeuka damu hata wiki mbili baadaye, urudi mbio: huenda mshipa umetuna ndani ya figo na unahitaji kuzibwa. Nairudisha ile sifuri.