Nyumba ya viungani: hesabu hatua kabla ya vyumba

Siku ya kwenda kutazama nyumba ya viungani unayotaka kununua ili uishi bila gari, usipande gari la dalali. Shuka kwenye kituo cha treni au basi kilicho karibu na utembee mwenyewe mpaka mlangoni. Ndani ya gari hutaiona ile barabara pana isiyo na kivuko, wala kijia kinachopita chini ya daraja bila taa. Ukiinunua nyumba hiyo, njia hiyo utaipita mara mbili kwa siku, kwa miaka. Jikoni unaweza kubadilisha marumaru, lakini kituo huwezi kukisogeza.

Katika matangazo ya nyumba nchini Japani, mita 80 za njia huhesabiwa kuwa dakika moja ya kutembea, na kipande cha dakika kinachobaki hujazwa kuwa dakika nzima. Natamani kila nchi ingefanya hivyo, maana "karibu na kituo" ni maneno matupu. Hata hivyo kipimo hicho hakihesabu kilima wala muda wa kusubiri taa za barabarani, kwa hiyo miguu yako bado ina kazi. Mimi huweka mpaka kwenye mita 800, yaani kama dakika 10. Mwenye mtoto mgongoni au magoti yanayouma atafute mita 400.

Kisha soma ratiba, tena ya Jumapili asubuhi na ya usiku wa mwisho wa wiki. Treni ikija kila dakika 10, unatoka nyumbani bila kutazama saa. Ikija kila baada ya saa nzima, ukiikosa moja mipango ya siku imevurugika, na utajikuta unanunua gari ulilodhani umeliepuka.

Kwa vipimo hivyo nimezipanga aina za viunga kuanzia bora zaidi, na namba moja kwangu ni miji mikongwe ya reli. Evanston na Oak Park, pembeni mwa Chicago, ilikua na treni kabla magari hayajaenea, ndiyo maana maduka, shule na maktaba vilijengwa kwa kadiri ya mwendo wa mguu. Oak Park ina njia mbili za treni za jiji na pia treni ya abiria ya mkoa. Moja ikikwama, kuna nyingine. Watu wengi hawalifikirii hilo hadi siku ya hitilafu. Gharama imejificha kwenye nyumba zenyewe, kwa kuwa nyingi ni za zamani. Mlipe mkaguzi uliyemtafuta wewe, asiyeletwa na muuzaji, akague msingi, paa, mabomba na nyaya za umeme. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978, hivyo nyumba ya kabla ya hapo ipimwe, hasa kama kuna watoto wadogo. Ulizia pia kodi ya majengo ya mwaka, uigawe kwa 12 na uijumlishe kwenye rejesho la mkopo.

Namba mbili ni viunga vilivyopangwa pamoja na reli. Vällingby, kiunga cha jiji la Stockholm, Uswidi, kilizinduliwa mwaka 1954 kikiwa na makazi, kazi na maduka kuzunguka kituo cha treni ya chini ya ardhi. Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington, iliruhusu majengo marefu kando ya vituo, na urefu ukapungua kadiri unavyosogea mbali. Kutembea huko ni rahisi kweli. Lakini mara nyingi utanunua fleti, na fleti ina ada ya huduma ya kila mwezi. Omba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki za miaka mitatu na uone mfuko wa matengenezo una kiasi gani. Mfuko ukiwa mtupu na lifti imechoka, mchango mkubwa unakuja, nawe ndiye utakayeulipa.

Namba tatu ni mabasi ya mwendokasi. Curitiba, Brazili, ilianza kuyatengea njia zake mwaka 1974, na jiji likajengwa kwa kuzifuata njia hizo. Angalia kama njia imetenganishwa kabisa na magari mengine au imechorwa rangi tu. Basi la kawaida linalopita mbele ya nyumba silihesabu sana, kwa kuwa linaweza kuhamishwa kwa uamuzi wa kikao kimoja.

Namba nne ni kituo kilichozungukwa na maegesho. Kwenye ramani kinaonekana karibu, lakini ukifika unatembea katikati ya magari juani, na duka la dawa liko upande wa pili wa barabara kuu. Nyumba ya hapo iwe na punguzo la kweli, la sivyo iache.

Mwisho kabisa ni nyumba inayouzwa kwa jina la kituo ambacho hakijajengwa. Ahadi ni deni, ila deni la reli hulipwa kwa kuchelewa. Njia ya treni ya Elizabeth ya London ilitarajiwa kuanza kazi katikati ya jiji Desemba 2018, ikafunguliwa Mei 2022. Ukiipenda nyumba ya namna hiyo, safiri wiki nzima kwa usafiri uliopo sasa, asubuhi na jioni, ndipo utaje bei yako.