AIDE baada ya kuziba tundu la CVE-2025-54389: uzoefu wangu

Seva za Debian (aina ya Linux) ninazozisimamia zinalindwa na AIDE, programu ya kugundua mafaili yaliyobadilishwa kwa siri, na nimeichagua kwa sababu kazi yake ni moja na inaifanya vizuri. Inapita kwenye mafaili uliyoiagiza, inaandika heshi (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili), ukubwa, mmiliki na ruhusa za kila faili kwenye hifadhidata, kisha kila ukiiendesha inalinganisha ya sasa na ya zamani. Kilichoongezwa, kilichofutwa na kilichoguswa vyote unavikuta kwenye ripoti. Ni programu huria, iliandikwa mwaka 1999 na Rami Lehti na Pablo Virolainen ili watu wasilazimike kutumia Tripwire, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, na huilipii chochote.

Agosti 2025 likatoka toleo la 0.19.2, likiziba matundu mawili ya usalama kwa mpigo. Moja, CVE-2025-54409 (CVE ni namba ya kulitambulisha tundu la usalama), liliwezesha mtu aliye ndani ya mashine kuifanya AIDE ianguke katikati ya kuchapa ripoti, kwa kuweka tu sifa za ziada za faili zilizokaa vibaya. Hilo ni baya, lakini programu ikianguka angalau utajua. Lililonikosesha usingizi ni CVE-2025-54389.

Kwenye Linux, jina la faili linaweza kubeba karibu herufi yoyote isipokuwa mkwaju na baiti ya sifuri. Linaweza kubeba hata zile amri za terminali (dirisha la kuandikia amri) zinazoanzia na herufi ya Escape, za kufuta mstari au kupandisha kishale. AIDE ya zamani ililichapa jina kama lilivyo, na terminali ikatii. Nililijaribu kwenye mashine ya majaribio: nikaweka faili kwenye folda ambayo tovuti hupokelea picha, mwisho wa jina nikaweka amri ya kufuta mstari na kurudi juu. Nikaendesha `aide --check`. Muhtasari ulisema kuna faili moja lililoongezwa, lakini nilipoteremka kwenye orodha sikuona kitu, mstari umefutika. Mshambulizi mjanja zaidi anaweza kukipandisha kishale hadi kwenye muhtasari wenyewe na kuandika sifuri. Mlinzi wa getini amemwona mwizi, ameandika daftarini, na mwizi amefuta kwa mkono wake mwenyewe. Kwangu hii ni hatari kuliko kutokuwa na ulinzi kabisa, maana ripoti safi ndiyo inayotufanya tuendelee na kazi nyingine.

Kiraka chenyewe ni chepesi. `apt update`, kisha `apt install --only-upgrade aide`, na mashine haihitaji kuwashwa upya. Nikarudia jaribio lile lile, na safari hii jina lilijitokeza lote, herufi za udhibiti zimeandikwa waziwazi badala ya kutekelezwa. Ila kwenye Debian 12 usihangaike kuitafuta 0.19.2. Watu wa Debian wamekiingiza kiraka kwenye toleo lile lile la 0.18.3, kwa hiyo namba ya mwanzo haibadiliki. Thibitisha kwa `apt changelog aide` uione namba ya CVE.

Pa kuwa makini ni kwenye mpangilio wa hatua. Wengi wakishasasisha programu hukimbilia kujenga hifadhidata upya ili ripoti ipungue kelele. Ukifanya hivyo kabla hujaikagua ripoti, faili lolote lililokuwa limejificha linaingia kwenye hifadhidata kama mwenyeji halali, na AIDE haitalitaja tena. Mimi kwanza niliiandika ripoti kwenye faili, nikaisoma kwa `cat -v`, ambayo huonyesha Escape kama `^[`. Ndipo nikasasisha, nikakagua tena, nikahakikisha mabadiliko yanayoonekana ni ya kifurushi cha AIDE chenyewe, na mwisho kabisa nikaendesha `aide --update`. Nakala ya hifadhidata mpya naiweka kwenye mashine nyingine, kwa sababu aliyepata mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, anaweza kuibadilisha iliyopo hapo hapo.

Ninayoyalalamikia ni yale yale ya siku zote. Ripoti baada ya kusasisha mfumo mzima ni ndefu mno, haikwambii nani alibadilisha faili, na haioni kitu mpaka uiendeshe. Anayehitaji taarifa papo hapo atafute zana ya kusaidiana nayo. Lakini kwa jinsi tundu lilivyoelezwa wazi na kiraka kutolewa pamoja na njia za kujikinga kwa muda, naendelea nayo bila wasiwasi.

Kama bado hujaweza kusasisha, usiisome ripoti moja kwa moja kwenye terminali. Ielekeze kwenye faili, pamoja na ujumbe wa makosa, na uifungue kwa `cat -v`. Kwa lile tundu la pili, toa kundi la `xattrs` (zile sifa za ziada za faili) kwenye kanuni zako za AIDE mpaka kiraka kiingie.