Pengo la jeraha na pengo la kadi: fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 2023
Paris, 28 Oktoba: Afrika Kusini 12, New Zealand 11.

Bongi Mbonambi, huka wa Afrika Kusini (mrushaji wa mpira kutoka pembeni), aliumia goti dakika za mwanzo. Akaingia Deon Fourie, kwa kawaida flanka (mchezaji wa pembeni mwa skramu). Idadi ilibaki 15, ila mipira ya kurushwa kutoka pembeni ikayumba. Huka mwingine, Malcolm Marx, alishaumia kabla ya fainali, na badala yake kikosini aliitwa mpigaji wa mikwaju Handré Pollard. Kamari kubwa, lakini Pollard ndiye aliyefunga pointi zote 12.

Pengo la Sam Cane lilikuwa zito zaidi. Nahodha huyo wa New Zealand alimgonga Jesse Kriel wa Afrika Kusini kichwani. Kadi ya njano ikapandishwa kuwa nyekundu, bila mbadala. New Zealand wakacheza wachezaji 14 kwa zaidi ya dakika 50, na bado Beauden Barrett akawafungia trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani). Njano ya Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, iliishia kwenye kukaa nje dakika 10 tu.