WorldCat kwa msomaji wa kawaida: uzoefu wangu

Kwa mtu anayesaka vitabu vya zamani, sijaona huduma ya bure inayonifaa kuliko WorldCat. Ni katalogi ya pamoja: maelfu ya maktaba duniani zimeweka humo rekodi za vitabu vyao, na yeyote mwenye intaneti anazisoma bila kadi ya uanachama wala malipo. Mara nyingi hutapata kitabu chenyewe. Utajua kwamba kipo, nani alikichapisha, na kiko maktaba gani.

Mimi huitumia hasa kufuatilia kamusi za zamani za Kiswahili. Chukua kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, iliyotoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya mwenyewe kufariki. Jina la lugha pale limeandikwa “Suahili”, kwa hiyo ukiandika kichwa cha kitabu kwa tahajia ya leo unaweza kuipita. Anza na jina la mwandishi, fungua rekodi yote, kisha bofya mada. Wakutubi hukiweka kitabu chini ya mada ileile na kamusi nyingine za lugha hiyo, tahajia ya jaladani iwe iwavyo, na papo hapo zinajitokeza kamusi ambazo hata hukuwa na habari nazo. Kazi hii ya wakutubi haionekani na wala haisifiwi, lakini bila hiyo tungekuwa tunapapasa tu.

Kamusi hiyohiyo ilichapwa upya miaka ya 1960. Maandishi ni yaleyale, ila mchapishaji na mwaka ni tofauti, na rekodi inakuonyesha hayo pamoja na idadi ya kurasa na hata urefu wa kitabu kwa sentimita. Mtu akiniambia anauza toleo la kwanza, nalinganisha na rekodi kabla sijatoa pesa. Vitabu vya zamani hivyo havina ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), hivyo mambo haya madogomadogo ndiyo kitambulisho chao.

Mradi wenyewe una umri. OCLC, shirika la maktaba linaloendesha WorldCat, ilianzishwa Ohio, Marekani, mwaka 1967, na mwaka 1971 maktaba zikaanza kushirikiana rekodi kwa kompyuta: moja ikishaorodhesha kitabu, nyingine zinatumia rekodi hiyo badala ya kuanza upya. Kwa miaka mingi ilikuwa nyenzo ya wakutubi kazini. Sisi wengine tulifunguliwa mlango mwaka 2006 kupitia WorldCat.org, na kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya.

Kwa kuwa rekodi zinatoka kwa watu wengi, kitabu kimoja kinaweza kuwa na rekodi mbili tatu, kila moja na maktaba zake. Usiridhike na ya kwanza. Angalia matoleo yote.

Halafu, jina la maktaba kuonekana kwenye orodha si hakikisho kwamba kitabu kiko rafuni. Kuna maktaba niliyoiandikia kabla ya kufunga safari, mkutubi akanijibu kwa upole kwamba nakala yao ilipotea zamani na rekodi haikuwahi kufutwa. Siku hizi nafuata kiungo hadi katalogi ya maktaba yenyewe, kisha naulizia. Ikiwa maktaba yako huazimana vitabu na nyingine, nakili namba ya OCLC iliyo kwenye rekodi uwape. Wataagiza toleo lilelile unalolitaka.

Linaloniuma ni maktaba ndogo ambazo hazijajiunga. Vitabu vyao havionekani kabisa, na mgeni anaweza kudhani havipo. Ukikosa kitu humo usikate tamaa: jaribu pia katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, nayo iko wazi kwa wote, kisha katalogi ya maktaba ya taifa ya nchi kitabu kilikochapishwa.